Kupe wa ng'ombe wako kabeba vimelea gani? Twende nao kutoka bandani Kibosho mpaka maabara

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo tuko Kibosho, Kilimanjaro, huku juu migombani, kwa mama mmoja ana ng'ombe wawili wa maziwa wanafugwa ndani, hawatoki hata siku moja, na bado huyu mwekundu mnayemuona ana homa na tezi imevimba hapa chini ya sikio. Mama kaniuliza swali zuri sana, mwanangu, kupe wametoka wapi wakati ng'ombe wangu hajui hata barabara? Geuza kamera kidogo pale mlangoni, unaona ule mzigo wa majani? Ndo jibu. Huku juu ardhi imeisha, majani yanakatwa tambarare yanapandishwa na pikapu au kichwani, na kupe mwenye njaa anakaa kwenye ncha ya jani anasubiri mnyama apite, sasa wewe umemkata na jani lake ukamletea mpaka kwenye hori.

Haya tuanze. Kabla hujagusa chochote vaa glovu, na usimpasue kupe kwa kucha hata kama umezoea tangu utotoni. Kuna homa ya Crimean-Congo, ile ya kutoka damu, inabebwa na kupe aina ya Hyalomma na mtu anaweza kuipata kwa kumpasua tu, kwa hiyo hapo sitanii.

Sasa tunatafuta. Usikusanye kupe hovyohovyo, angalia amekaa wapi maana mahali alipojishika panakupa nusu ya jibu. Ndani ya sikio, hawa wa rangi ya kahawia wasio na urembo wowote mgongoni, ni Rhipicephalus appendiculatus, wengi tunamuita kupe wa masikioni, huyu ndo msambazaji mkuu wa ndigana kali, ule ugonjwa unaoletwa na vimelea vya Theileria. Shuka kwenye tumbo na kidevu, hawa wadogo ambao wakishiba wanakuwa kama kijivu cha bluu ni kupe bluu, wanabeba Babesia ya mkojo mwekundu na Anaplasma ya ndigana baridi. Kwenye kiwele na mapajani utakuta kupe mkubwa miguu ina mistari myeupe, dume lake lina rangi ya machungwa mgongoni, huyo ni Amblyomma, analeta ugonjwa wa moyo kujaa maji. Chini ya mkia kuna wa miguu myekundu. Kwa huyu ng'ombe wetu nimepata wanne wa masikioni na mmoja wa bluu.

Kumtoa ni hivi, kibano kishike karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu moja kwa moja bila kuzungusha. Msimpake mafuta ya taa jamani, na msimchome na kiberiti, anatapika yale yote ndani ya ng'ombe, alafu mdomo ukikatika mimi huku maabara nashindwa kumtambua.

Hapa sasa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu ndo watu wengi wanapoharibu. Kila ng'ombe na kichupa chake. Weka spiriti ya asilimia 70 au zaidi, usiweke formalini kabisa maana inaharibu DNA na kazi yote inayofuata haitakuwa na maana. Afu kata kikaratasi, andika kwa PENSELI jina la ng'ombe, tarehe, kijiji, sehemu ya mwili ulipomtoa kupe, na kama kupe kashiba au hajanyonya, kikaratasi kiingie humohumo ndani ya kichupa. Kalamu ya wino spiriti inaifuta, nimeshaletewa vichupa thelathini vyote vimefutika, kupe wazuri kabisa lakini hakuna anayejua ni wa nani, ikabidi tuvitupe. Iliniuma sana.

Na usiishie kwa kupe, chukua na damu ya ng'ombe mwenyewe. Chukua kwenye chupa ya EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, ile ya kifuniko cha zambarau, na hapohapo toboa mshipa mdogo wa sikio utandaze tone jembamba kwenye slaidi mbili. Tezi iliyovimba tunaichoma sindano kidogo tunavuta maji yake tunatandaza na yenyewe, lakini hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo, wewe mfugaji usijaribu. Thermometa imesoma 41, kwa ng'ombe hiyo ni homa kali.

Tumeshuka mjini sasa, hii ni meza yangu. Tunaanza na slaidi kwa sababu ng'ombe hawezi kusubiri mambo ya PCR, kile kipimo cha kutafuta DNA ya vimelea. Ikikauka ichovye kwenye methanoli dakika kama tatu hivi, toa, ikauke, afu Giemsa ya asilimia 10 nusu saa, osha kwa maji, kausha. Weka tone la mafuta, lenzi ya 100. Angalieni kwenye skrini, ndani ya chembe nyekundu kuna vijiti vidogo vidogo na vingine kama mkato wa kuandikia, hiyo ni Theileria. Ingekuwa Babesia bigemina mngeona vitu kama mapeasi mawili yameshikana kwenye ncha, vikubwa kuliko hivi. Anaplasma ni nukta nyeusi pembezoni mwa chembe, wengine wanaidhania uchafu wa rangi, kwa hiyo chuja rangi yako kabla. Ile ya moyo kujaa maji usiitafute kwenye slaidi ya damu, huioni, inakaa kwenye kuta za mishipa midogo na wanaiona kwenye ubongo ng'ombe akishakufa.

Ila msikimbilie kusema ndigana kali hapo hapo! Theileria ziko aina nyingi, kuna Theileria mutans ambayo mara nyingi haimfanyi ng'ombe kitu, na ndani ya chembe nyekundu zinafanana kama mapacha. Ndo maana tukachukua maji ya tezi. Ona hii, seli kubwa nyeupe na ndani yake kuna kundi la vidoti, hizo zinaitwa miili ya buluu ya Koch, yule mwanasayansi Mjerumani Robert Koch alishafika Dar es Salaam mwaka 1897 akichunguza magonjwa ya ng'ombe. Ukiona hizi kwenye tezi iliyovimba na ng'ombe ana nyuzi 41, piga simu kwa daktari sasa hivi, dawa ya ndigana kali iitwayo buparvakwoni inafanya kazi ikiwahi.

Nasema hivi kwa uchungu maana majina yanatuponza, ndigana kali, ndigana baridi, mtu anasikia ndigana tu anachoma. Ng'ombe wa baba yangu alichomwa oksitetrasaiklini siku tatu mfululizo na mtu aliyesema ni ndigana baridi, hakuna slaidi hata moja iliyopigwa. Hiyo dawa inafaa kwa ndigana baridi, kwa ndigana kali iliyokwisha kushika haiponyi. Siku ya nne akawa anahema kwa shida povu linatoka puani, jioni akafa. Slaidi ni nusu saa na kidogo tu jamani.

Haya turudi kwa kupe wetu. Mtoe kwenye spiriti, muangalie kwenye maikroskopu ndogo uhakikishe aina, andika. Muoshe kwa spiriti safi afu maji yaliyochujwa mara mbili, ili DNA ya nje ya ngozi yake iondoke. Kupe mkubwa anasagwa peke yake, watoto wadogo sana unaweza kuwaweka kundi moja ila wa ng'ombe yuleyule. Saga kwenye kichupa kwa kipondeo kidogo mpaka awe uji, weka bufa na enzaimu, acha kwenye joto la nyuzi 56 usiku kucha, asubuhi unatoa DNA kwa kutumia kiti yako kama maelekezo yake yanavyosema.

PCR yenyewe mashine inafanya, wewe kazi yako ni kuchagua praima, vile vipande vifupi vya DNA vinavyomtafuta kimelea unayemtaka. Kwa ndigana kali tunatafuta jeni inayoitwa p104, Anaplasma marginale tunatumia msp5, moyo kujaa maji ni pCS20. Lazima uwe na kichupa kimoja cha DNA unayojua ni chanya na kimoja cha maji matupu, maji yakitoa mstari ujue umechafua, rudia zote. Afu pitisha kwenye jeli ya agarosi, washa taa.

Hii hapa. Chanya imewaka, maji hayajawaka, vizuri. Kupe wa masikioni wanne, wawili wamewaka p104. Wa bluu hana. Sasa swali, hawa wawili ndo waliomuambukiza? Siwezi kusema hivyo. Mmoja alikuwa ameshiba damu tele, na ng'ombe mwenyewe anaumwa, kwa hiyo ile DNA inaweza kuwa ya damu aliyoinyonya tu. Huyu wa pili ndo ananitia wasiwasi, alikuwa bapa kabisa, hajanyonya, ndo kwanza kajishika. Kupe hazaliwi na vimelea vya ndigana kali, anavipata akiwa mdogo kwa ng'ombe mwingine, anaanguka, anajivua ngozi, anapanda mnyama mpya. Kwa hiyo huyu bapa kaja navyo kutoka huko tambarare. Mnaona kazi ya kile kikaratasi? Bila kuandika nani kashiba na nani hajanyonya nisingeweza kuwatofautisha.

Na kizuri zaidi, vimelea ndani ya mate yake huwa havijakomaa siku anapojishika, vinahitaji siku tatu mpaka tano za kunyonya. Huo ndo muda wako wa kumuona sikioni na kumtoa.

Kama huna maabara karibu, TVLA, wakala wa maabara za mifugo wa serikali, wana kituo Arusha, wapelekee damu ikiwa baridi kwenye boksi la barafu pamoja na slaidi na vichupa vyako. Mama wa Kibosho nimeshampigia, mwekundu kachomwa dawa jana na leo asubuhi kala majani. Yule mwenzake tunampima kesho, masikio kwanza.