Kome na ndege waliofutwa pamoja

Ndugu wanafunzi, Oktoba 2023 serikali ya Marekani ilitangaza kuwaondoa viumbe wa aina 21 kwenye orodha ya wanaolindwa, kwa kuwa walikwisha kutoweka. Kumi walikuwa ndege, wanane kome wa mtoni. Leo nawaleta wawili: ʻōʻō, ndege mwimbaji wa kisiwa cha Kauaʻi huko Hawaii, na kome wa mto Tombigbee, katika majimbo ya Alabama na Mississippi, ambaye wataalamu humwita Pleurobema marshalli.

Ndege mnaweza kumsikia hata sasa kwenye simu zenu. Dume anaita, ananyamaza, anaita tena, na jike wa kumjibu hayupo. Alisikika mara ya mwisho 1987. Wapo wanaotokwa machozi wakimsikiliza, wala siwacheki. Kome je? Hana sauti, hana manyoya. Ukimkanyaga mtoni utadhani jiwe.

Lakini tazameni anavyozaa! Kome hasafiri mbali, basi watoto wake, wadogo kama chembe za mchanga, hudandia matamvua ya samaki, wakakaa humo siku kadhaa au majuma, kisha wakadondoka kwingine kuanza maisha. Wapo jamaa zake ambao nyama ya ukingoni mwa gamba imeumbika kama kisamaki, jicho na mkia vyote vipo, nao huitikisa. Samaki mkubwa akija kuuma, anamwagiwa watoto mdomoni. Asiye na macho anamhadaa mwenye macho!

Sasa chukua mto huo uujengee mabwawa. Maji yaliyokuwa yakikimbia juu ya changarawe yanatuama, tope linatanda, samaki wa kubeba watoto hawapiti. Ndivyo ulivyofanya mfereji wa Tennessee-Tombigbee, unaounganisha mito miwili yenye majina hayo, ulioanza kupitisha vyombo vya majini 1985. Kome huyu alionekana mara ya mwisho 1984. Sheria ikamwandika kuwa wa kulindwa 1987. Hesabuni wenyewe.

ʻŌʻō aliandikwa mapema, 1967, lakini mbu wenye malaria ya ndege walikuwa wamekwisha enea visiwani, pamoja na panya, na vimbunga vikamalizia.

Mtaniuliza kutoweka kwa nani kunaumiza zaidi. Mimi nasema kome. Mbu waliletwa na meli karne ya 19 bila mtu kukusudia. Mfereji ule Bunge la Marekani liliuidhinisha 1946, likautengea fedha, na ujenzi ukaanza 1972, kome akiwa bado hai mtoni.