Makaa Yaliyolala Chini ya Ziwa Challa

MWIKALI: Karibu tena msikilizaji, uwe kwenye foleni ya Rongai au unapika huko Githurai. Mimi ni Mwikali, niko na Barasa hapa Nairobi, na leo ni habari za moto. Si moto wa juzi lakini. Ni moto uliowaka Taveta hata kabla mahali hapo hapajaitwa Taveta.

BARASA: Asante, Mwikali. Mada hii nimeililia kwa muda, kwa sababu kila kiangazi kikikaza nasikia maneno yale yale: mvua imekosa, basi nyika itaungua. Ukiyapeleka maneno hayo kwenye nyika kavu ya Taveta na Tsavo, hayasimami. Ushahidi ni makaa ya moto wa zamani, yaliyolala chini ya Ziwa Challa.

MWIKALI: Lile la kreta, shimo la volkano, mpakani na Tanzania?

BARASA: Ndilo. Upande wa mashariki wa Kilimanjaro, mpaka unalikata katikati. Kina kinapita mita 90, kingo zake ni kama kuta, na hakuna mto mkubwa unaoingia. Maji mengi yanapenya chini kwa chini kutoka mlimani. Kinachozama mle kinatulia. Tena tope lake lina matabaka membamba sana, ya kupishana. Jeupe ni maganda ya diatomu, mwani mdogo unaostawi kiangazi cha upepo, na jeusi ni la majira ya mvua. Mwaka unauona kwa macho.

MWIKALI: Na makaa yanaingiaje hapo? Hakuna anayechoma makaa ziwani.

BARASA: Nyika ikiungua, si kila kitu kinaisha kuwa majivu. Kuna vipande vinavyokosa hewa, vinageuka makaa, moshi unavibeba. Vikubwa vinaanguka jirani, vidogo kabisa vinapeperuka mbali. Na makaa hayaozi kwa urahisi. Chimba nyuma ya nyumba pale watu walipokuwa wakimwaga vumbi la makaa zamani. Utalikuta bado, jeusi tititi. Bakteria wanapata shida kweli kulila.

MWIKALI: Haya, twende maabara. Tope limeshatolewa kwa bomba, liko mezani. Halafu?

BARASA: Linakatwa vipande vidogo, mara nyingi sentimita moja moja. Kila kipande kinalowekwa kwenye dawa inayong'arisha mabaki mengine ya mimea, ila makaa yanabaki meusi. Kisha linachujwa. Chekeche inayotumika sana ina matundu ya mikromita 125, yaani moja ya nane ya milimita. Kinachobaki juu kinawekwa chini ya hadubini, na mtu anakaa anahesabu.

MWIKALI: Kimoja kimoja?

BARASA: Kimoja kimoja, dada yangu. Ukiwa na shaka, unakigusa kwa ncha ya sindano. Makaa yanavunjika kwa mkato. Jani lililooza linajikunja tu. Na umbo nalo ni ushahidi. Vipande virefu vyembamba kwa kawaida ni vya nyasi, vile vya kibonge ni vya miti. Mimi kazi hii naiheshimu sana. Watu wanasifu mashine, lakini hapa ni jicho la mtu na subira yake.

MWIKALI: Umri wa tope?

BARASA: Kaboni 14, kaboni yenye mnururisho iliyomo kwenye mabaki ya viumbe. Inapungua kwa nusu kila miaka 5,730, kwa hiyo inakufikisha kama miaka 50,000 nyuma.

MWIKALI: Sasa tuambie tope la Challa lilisema nini.

BARASA: Mwaka 2012 watafiti David Nelson, Dirk Verschuren na wenzao walichapisha hesabu ya makaa ya miaka 25,000 kutoka ziwa hilo. Rudi kwanza kwenye enzi ya barafu, kama miaka 20,000 iliyopita. Sehemu nyingi za dunia moto ulififia, maana baridi na ukavu viliacha mimea michache ya kuungua. Challa hapana! Moto uliendelea kuwa mwingi. Joto la wastani lilikuwa kama nyuzi 22, nyasi za joto zinazotumia maji kwa uchache ziliendelea kutawala, na nyasi ndizo kuni za nyika.

MWIKALI: Subiri hapo. Kwa hiyo nyasi zikikosa, moto nao unakosa?

BARASA: Umefika. Wanasema hali ya leo, ya moto kubanwa na uhaba wa nyasi, inaonekana ilianza kati ya miaka 5,000 na 1,700 iliyopita, joto lilipokutana na kiangazi kirefu. Ardhi ikawa kavu kiasi kwamba kiberiti kipo, lakini cha kuwasha hakitoshi.

MWIKALI: Lakini huo si ndio wakati wafugaji wanaingia Kenya? Ng'ombe nao wanamaliza nyasi.

BARASA: Swali zuri sana. Wafugaji wa kwanza walikuwa kando ya Ziwa Turkana takriban miaka 5,000 iliyopita. Na makaa hayakuambii aliyewasha, awe radi au mchungaji. Ndiyo maana hayasomwi peke yake. Yanawekwa bega kwa bega na chavua ya mimea na alama za mvua kwenye tope lile lile. Na si wageni tu wanaofanya kazi hii. Stephen Rucina, wa Makumbusho ya Kitaifa hapa hapa Nairobi, na wenzake walisoma chavua na makaa ya kinamasi cha Rumuiku, Mlima Kenya, wakachapisha 2009. Kule juu kwenye misitu mibichi hesabu ni nyingine. Kuni ziko tele, kinachozuia moto ni unyevu, kwa hiyo ukame kule ni hatari moja kwa moja.

MWIKALI: Basi nchi moja, kanuni mbili. Anayepanga ulinzi wa moto Mlima Kenya hawezi kuchukua mpango wake akaupeleka Tsavo.

BARASA: Asithubutu. Mlimani ahesabu wiki zisizo na mvua. Tsavo aangalie nyuma: masika yaliyopita yalinyesha vipi, nyasi zimefika wapi? Mvua ikiwa nzuri halafu kiangazi kikaja kirefu, njia za kuzuia moto zifyekwe mapema, nyasi zikiwa bado na ubichi.

MWIKALI: Yaani mwaka ambao kila mtu anafurahia malisho.

BARASA: Mwaka huo huo.