Mlango wa Vibanzi Umekatika Mgongo: Naurekebisha na Ami Yangu wa Ngamiani

Assalaam alaykum, wandugu zangu wa Tanga, na nyinyi wa Muheza na Pangani. Wakubwa, shikamooni. Huku Massachusetts ni saa mbili asubuhi, kwenu saa tisa alasiri, na ami yangu yuko kwenye simu nyingine hapa pembeni, kiwandani kwake Ngamiani. Mkinisikia namjibu, ni yeye.

Leo hakuna matembezi. Leo ni useremala.

Hili gari langu la kulala, nyumba yangu ya magurudumu, mnalijua. Ubavu wake huu hutoka nje kama droo: nabonyeza kitufe, mota inausukuma, chumba kinapanuka. Humo ndani ya droo mna kabati la nguo, na mlango wake hauna bawaba, kwa sababu mlango wa bawaba ukisahaulika wazi, chumba kikirudi ndani utagonga kitanda. Badala yake umewekwa mlango wa vibanzi. Fikirieni shata za maduka, ila za mbao: vibanzi vyembamba vimelala sambamba, ncha zake zinateleza ndani ya mfereji, mlango unapinda kona na kujificha nyuma ya kabati.

Sasa tazameni ulivyokuwa. Ulikatika katikati. Aliyekuwa na gari kabla yangu aliubandika kwa utepe wa plastiki, na utepe ukaachia. Mimi nilikuwa tayari kuagiza mbao mpya. Ami akaniambia, "Geuza nyuma unionyeshe." Nikageuza. Mbao zote 31 ni nzima! Kilichokufa ni kitambaa. Mlango huu mgongo wake ni kitambaa kilichogundishwa nyuma, ndicho kinachoshika vibanzi na kuviacha vipinde. Huku wakati wa baridi hita inawaka usiku kucha, gundi imekauka ikawa kama ganda la yai, na mtikisiko wa barabara umemalizia.

Kabla ya kugusa chochote nimetoa chumba nje mpaka mwisho, kisha nikachomoa fyuzi ya mota. Msiliruke hilo. Mkono wako uko ndani ya kabati, mtoto anabonyeza kitufe, basi tena.

Gundi ya zamani nimeikwangua kwa patasi butu, taratibu, halafu msasa. Vibanzi nimevilaza kifudifudi juu ya ubao ulionyooka, nikavibana kwa papi mbili, yaani mbao nyembamba ndefu, zenye pembe mraba, vikakaa kimya kama askari. Kikienda upande kibanzi kimoja, mlango wote utakwama.

Kitambaa ni pamba nzito, ndugu yake marekani. Wazee wetu wa pwani waliita marekani kwa sababu karne ya 19 ilikuwa ikiletwa na merikebu kutoka Salem, na Salem ni hapa hapa Massachusetts. Nilipoenda kuinunua moyo ulinigusa, jamani.

Hapa ndipo ami aliponiokoa. Nilikata kitambaa upana sawa na vibanzi. Akapiga kelele, "Ncha ziache uchi!" Kitambaa kikiingia kwenye mfereji kinaongeza unene, mlango unakaba. Nimepunguza sentimita moja na nusu kila upande.

Gundi ni ya mbao, ile inayostahimili maji. Ile ya kushika papo hapo sikuitaka, maana haikupi nafasi ya kurekebisha. Nimeipaka nyembamba kwenye kitambaa, isipenye kati ya vibanzi. Baada ya saa moja nikaukunja mlango kidogo kidogo kuachanisha vilivyoanza kushikana, kisha nikauacha siku nzima. Mwisho, ncha zote nimezisugua kwa mshumaa.

Sikilizeni... mmesikia? Hakuna mkwaruzo.

Na hili nawaambia mafundi wa nyumbani kwa moyo wote. Masika yakiingia Tanga, milango ya makabati inagoma. Mbao inavimba kwa upana wake, kwa urefu haiongezeki kitu cha kuonekana. Mlango wa ubao mpana unavimba kuelekea fremu, unabanwa. Huu wa vibanzi unavimba kuelekea kule kule unakoteleza, na huko una nafasi. Mfereji tu muufanye mpana kidogo kuliko unene wa kibanzi. Mlango huu unaifaa Tanga kuliko huku! Na mitiki ya shamba la miti la Longuza mnayo hapo Muheza. Ila mtiki una mafuta, ufuteni kwa spiriti kabla ya gundi, la sivyo kitambaa kitabanduka.

Ami anataka vipimo, ana oda ya kabati Chumbageni. Haya ami, shika kalamu. Kibanzi upana sentimita mbili, unene milimita nane. Kona... ngoja niingize futi humu ndani... nusu kipenyo, sentimita saba. Umeandika?