Cagliari: Mtu wa Kuja Aliyegoma Kuondoka

ZUHURA: Asalaam aleykum wasikilizaji, karibuni. Kaka Salum leo kaja na jezi sijapata kuiona. Nusu nyekundu, nusu buluu, na kifuani vichwa vinne. Ya nani hii?

SALUM: Waaleykum salaam. Cagliari hii, mdogo wangu. Timu ya kisiwa cha Sardinia. Vile vichwa vinne vyeusi vilivyofungwa vitambaa ndivyo vilivyo kwenye bendera ya kisiwa chao. Ukiivaa, umevaa bendera ya watu.

ZUHURA: Tuwekee sawa kwanza. Wengine tukisikia mpira wa Italia tunaona Milan, Juventus, basi.

SALUM: Sardinia iko katikati ya Mediterania, magharibi ya Italia bara. Meli ya kutoka bara hulala njiani. Na timu hii ipo tangu 1920. Kila mechi ya ugenini lazima kwanza bahari ivukwe, ndipo mpira uchezwe.

ZUHURA: Hilo mtu wa Unguja haambiwi mara mbili! Nimewahi kufuatana na timu ya mtaani kwetu kwenda Dar, Kusi inavuma. Mabeki wawili walitapika kutoka Chumbe mpaka bandarini, na jioni ile ile wanatakiwa uwanjani.

SALUM: Sasa ipeleke hiyo nyuma, miaka ya sitini. Watu wa bara wakiiona Sardinia ni nchi ya wachungaji na majambazi wa milimani. Mchezaji akiambiwa anakwenda Cagliari, aliona kama anapelekwa kifungoni. Ndipo 1963 akaletwa kijana wa miaka 18, winga wa mguu wa kushoto, Gigi Riva. Kwao ni Leggiuno, kaskazini kabisa, kando ya Ziwa Maggiore. Baba keshakufa, mama keshakufa. Hakutaka kuja, na hilo alilisimulia mwenyewe ukubwani. Alikuja na nia ya msimu mmoja.

ZUHURA: Akakaa mingapi?

SALUM: Kafia huko huko. Januari 2024, ana miaka 79.

ZUHURA: Subhanallah.

SALUM: Msimu wake wa kwanza tu, timu ikapanda Serie A, ligi kuu ya Italia, kwa mara ya kwanza katika historia yake. Miaka sita baadaye ikawa bingwa wa Italia. Msimu wa 1969/70, Zuhura. Mechi 30, wamefungwa mabao 11 tu.

ZUHURA: Kumi na moja msimu mzima?

SALUM: Msimu mzima. Golini Albertosi, mbele Riva na mabao 21, mfungaji bora wa ligi. Kocha Manlio Scopigno, mtu mtulivu, wakimwita mwanafalsafa. Tarehe 12 Aprili 1970, katika kiwanja kidogo cha Amsicora, wakaifunga Bari mbili bila. La kwanza Riva, kwa kichwa, la pili Gori. Ubingwa ukabaki kisiwani. Hakuna timu nyengine ya kisiwani iliyowahi kuchukua Serie A. Palermo na Catania za kisiwa cha Sisilia, zote hazijachukua. Na kiangazi kile Italia ilipokwenda Kombe la Dunia Mexico, wachezaji sita walitoka Cagliari.

ZUHURA: Lakini kaka, mchezaji wa namna hiyo matajiri wa bara hawamwachi.

SALUM: Hawakumwacha! Juventus walimtaka, wakarudi tena. Mwaka 1973 waliweka mezani fedha ambazo Italia ilikuwa haijazoea kuziona, na wachezaji juu yake. Viongozi wa Cagliari wenyewe walikuwa radhi kuuza. Aliyekataa ni Riva.

ZUHURA: Kwa nini? Maana wetu hapa akifunga mabao matatu tu, Simba au Yanga keshapiga simu. Na mimi simlaumu kijana, ana mama na wadogo zake wanamtazama.

SALUM: Mimi pia simlaumu. Ila Riva hakuwa na nyumba pengine. Alikuja yatima, wavuvi na wachungaji wakamkaribisha mezani. Alikuwa akiona watu wanatoka vijijini ndani kabisa, safari ya saa nyingi, kuja kumtazama yeye. Aliona kuwaacha ni kuwavunja. Hapo ndipo ninapomheshimu, kuliko hata mabao. Na mabao yake 35 kwa Italia mpaka leo hayajafikiwa na mtu.

ZUHURA: Na mwili je? Nasikia aliumia sana.

SALUM: Kavunjika mguu mara mbili, zote akiichezea Italia. Mara ya kwanza 1967 na Ureno. Mara ya pili Vienna, mwisho wa Oktoba 1970. Siku chache baadaye Cagliari wana marudiano na Atlético Madrid, Kombe la Ulaya, yeye yuko na plasta. Wakapigwa tatu bila, safari ya Ulaya ikaishia hapo.

ZUHURA: Baada ya hapo?

SALUM: Kupanda na kushuka, mpaka Serie C, daraja la tatu. Kumbuka 2012, uwanja wao wa Sant'Elia haukuruhusiwa tena, mechi za nyumbani wakazichezea Trieste. Trieste iko kona ya kaskazini mashariki ya Italia! Timu ya kisiwa inavuka bahari kwenda kucheza nyumbani.

ZUHURA: Hiyo inauma. Shabiki wa kijijini afanye nini?

SALUM: Asikilize redio. Uwanja wao wa sasa ulijengwa 2017 pembeni ya ule wa zamani, unaingiza watu elfu kumi na sita hivi.

ZUHURA: Ranieri hujamtaja.

SALUM: Namfikia. Kocha Claudio Ranieri aliwatoa Serie C mpaka A, 1988 hadi 1990. Januari 2023 akarudi, ana miaka 71, timu iko Serie B, daraja la pili. Wakafika fainali ya mchujo wa kupanda Serie A, na mpinzani nani?

ZUHURA: Usiniambie Bari.

SALUM: Bari! Kwao, mbele ya umati wao. Sare ingewapandisha Bari. Dakika ya 94 Pavoletti wa Cagliari akafunga. Mashabiki wa Cagliari wakaanza kuwazomea wenyeji, Ranieri akawaendea na machozi yake, akawaashiria wanyamaze, wawapigie Bari makofi.

ZUHURA: Na Riva aliyaona hayo.

SALUM: Aliyaona. Miezi saba baadaye akafa. Walimsalia katika kanisa la Bonaria, juu ya kilima kinachotazama bahari, ambako mabaharia wa Sardinia huomba kabla ya safari. Ndani hapakuenea, maelfu wakabaki nje, na skafu zao nyekundu na buluu, wakimwita jina lake.