Anayetunza Kichaka Ndiye Anayewindisha
(Mhadhara uliotolewa Moshi)

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za asubuhi.

Nimekuja kuzungumzia jinsi kichaka kinavyoamua uwindaji, na nimekuja na kijiti. Kipitisheni mkono kwa mkono, kianzie kwa mama pale mbele. Nimekivunja leo kwenye ua wa jirani, mahali mbuzi wake walipokula. Tazameni ncha: haikukatwa, imechanwa, ina nyuzinyuzi. Mbuzi hana meno ya mbele ya juu. Hubana kwa ufizi na meno ya chini, kisha huvuta. Sungura angekikata mshazari, safi kama kwa wembe. Kulungu naye hana meno hayo, kwa hiyo mwenye msitu kule Marekani akiona ncha kama hii anajua nani amepita, hata kabla hajaona unyayo.

Jina kulungu wengi wetu tunampa pongo. Ninayemsema leo ni yule wa Marekani mwenye mkia mweupe, ambaye dume lake huangusha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine. Pembe za pongo na za swala pala hazianguki.

Kule ardhi ina mwenyewe: anauza, anarithisha. Katika jimbo la Texas, zaidi ya asilimia 90 ya ardhi iko mikononi mwa watu binafsi. Lakini kulungu si wake. Mnyama ni wa umma; jimbo ndilo linalotangaza msimu, kutoa leseni na kuweka idadi ya kuwindwa. Mwenye ardhi amebaki na mambo mawili: nani aingie, na shamba liwe katika hali gani. La pili ndilo linaloamua uwindaji kuliko bunduki yoyote, na hilo ndilo lililonileta hapa.

Msitu mzee hupendeza macho. Ingia ndani yake uangalie chini: giza, majani makavu, hakuna cha kutafuna. Kulungu hula machipukizi na majani mapana, na miti inapopukutisha majani hula kokwa za mwaloni zilizoanguka. Juu ya mita moja na nusu hivi hafiki. Basi mwenye ardhi anayejua kazi huingia na msumeno, huondoa miti isiyo na faida, jua hufika ardhini, na baada ya misimu miwili mitatu panakuwa kichaka. Sisi wa vihamba, mashamba yetu ya nyumbani ya migomba na kahawa, tunalijua hili; kivuli kikizidi, kahawa haizai. Na jike wa kulungu aliyeshiba huzaa mapacha, kama mbuzi wetu.

Sasa uwindaji unabadilikaje? Mchana kulungu hulala kichakani, jioni hutoka kwenda kula. Ukipanda malisho kando ya njia unayoingilia wewe, atakunusa, na baada ya siku chache atakuja usiku tu, saa ambazo sheria haikuruhusu kumpiga. Kwa hiyo wenye uzoefu huacha kipande kimoja cha kichaka asichokanyaga mtu msimu mzima, hata wao wenyewe. Inaonekana ni kupoteza eneo, lakini ndicho kinachomfanya mnyama abaki na atembee kungali mwanga.

Mwenye eka 40 ana taabu nyingine. Kulungu mmoja huzunguka mamia ya eka kwa mwaka. Unamlisha wewe, anapigwa kwa jirani, tena akiwa dume changa. Ndiyo maana majirani wengi kule hukaa pamoja wakakubaliana: madume machanga tuwaache, majike tupunguze.

Majike, ndiyo, naona mnanitazama. Mwanzoni mwa karne iliyopita kulungu hao walibaki takriban nusu milioni nchi nzima, na kumwacha jike ilikuwa kumwokoa mnyama. Leo wanakadiriwa kuwa milioni 30 hivi. Mahali ambapo majike hayaguswi, msitu umeliwa wote kwa kimo kimoja, kama umefyekwa kwa panga, na miche ya mwaloni haikui tena. Wanyama wanadhoofu katikati ya miti.

Huku kwetu sheria ya ardhi ni nyingine. Wanyamapori ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini, kama Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inavyosema, na ardhi yote nayo ni ya umma chini ya Rais. Lakini kijiji kilicho ndani ya jumuiya ya hifadhi, yaani vijiji vilivyoungana kutenga ardhi kwa wanyamapori, kama vile vya Enduimet upande wa magharibi wa Kilimanjaro, ndicho kinachopanga ng'ombe walishwe wapi kiangazi, mbuga ichomwe lini, mkata mkaa aingie au asiingie. Swala pala hula nyasi na majani pia. Ukimwachia kichaka cha korongoni hana sababu ya kuhama, na kisipokuwepo hakuna askari atakayemrudisha. Inaniuma kwamba mikutano yetu huzungumza ujangili kutwa nzima, na nyasi hazitajwi.

Nyinyi mnaorudi Longido, naomba kila mmoja asimame na fimbo yake kwenye migunga mitano, apime majani yameliwa kufikia wapi, aangalie na ncha zake. Kisha afanye vivyo hivyo mahali ambapo mifugo haifiki. Tukikutana tena tutaanza na vipimo hivyo.