Bei Imo Kwenye Kuchambua

Hamjambo wote. Wengi wenu ni wafumaji na mafundi wa nguo hapa Nairobi, na najua mngependa tuzungumzie kusokota na kutia rangi. Leo sifiki huko. Nabaki kwenye kazi inayotangulia uzi, yaani kuchambua manyoya, kwa sababu bei hupatikana hapo, au hupotea.

Mchukueni mbuzi wa kashmiri wa Mongolia. Juu ana singa ndefu, ngumu. Chini yake huota manyoya laini ya kumkinga na baridi. Baridi ikiisha manyoya hayo huachia ngozi, na wafugaji huyatoa kwa chanuo. Yakishachambuliwa, yaani yakitengwa na singa, mbuzi mmoja hubakiza gramu 150 hadi 200 hivi kwa mwaka. Sweta moja linataka mbuzi kadhaa!

Singa zikibaki, nguo inawasha. Ili nyuzi ziitwe kashmiri, sheria ya Marekani inataka unene wa wastani usizidi maikroni 19 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), na nyuzi za zaidi ya maikroni 30 zisipite asilimia 3 ya uzito. Unywele wa binadamu ni kama maikroni 70. Kuchambua kwa mkono kunachosha mno, ndipo katika karne ya 19 Joseph Dawson wa Bradford, Uingereza, akaunda mashine. Rola zenye meno huzunguka kwa kasi: singa, kwa uzito na ugumu wake, hurushwa nje, laini hunaswa. Ila kila unapopitisha tena, laini nayo hukatika, na uzi wa nyuzi fupi hutoa vidonge, vile vifundo vidogo vya nyuzi juu ya nguo. Nendeni soko la Gikomba mkatazame makwapa ya masweta ya kashmiri ya mtumba, mtaona. Mimi nipeni nyuzi ndefu, hata kama singa chache zimeponyoka.

Kuosha nitagusia tu: maji ya moto na sabuni ili mafuta ya sufu yayeyuke, na msisugue. Magamba ya nyuzi yakishikana, mtakuwa mmetengeneza blanketi.

Sasa kwetu. Kondoo wa Merino na Corriedale wako Molo na Nyandarua. Sufu yao si kashmiri, lakini tunaishusha thamani zaidi wenyewe kwa kuchanganya ya tumboni na miguuni na ile ya mabegani. Halafu tunaitia kwenye magunia ya plastiki! Nyuzi za gunia hazishiki rangi. Utaziona nguo ikishafumwa, zimejichora nyeupe. Nyoeni juu ya sakafu iliyofagiwa, mtenge mafungu papo hapo.

Ukame nao huacha alama. Kondoo akikosa malisho, unywele hukonda mahali pamoja, na hapo ndipo utakapokatikia kwenye mashine. Shika kishungi cha sufu ncha mbili, kivute kwa ghafla karibu na sikio: kizima hulia, dhaifu hukatika. Mezani nimeweka mafungu mawili. Piteni mvute wenyewe, kisha tutachukua maswali.