Boga la Kuoka Lililojazwa Nyama

Boga la nazi tunalijua wote, hasa kwenye futari. Leo hatuchemshi. Tunalipasua, tunalioka, tunalijaza nyama, kisha linarudi motoni kwa mara ya pili. Na hapo kwenye mara ya pili ndipo wengi wanapopakosea: wanajaza boga bichi. Nyama inakauka, boga lenyewe bado linakwaruza meno.

Ninatumia batanati, hili refu lenye kiuno. Tafuta la kilo moja na robo hivi, linashibisha watu wawili. Angalia kikonyo, kiwe kikavu. Halafu bonyeza ngozi kwa ukucha. Ukucha ukizama, boga ni changa: maji mengi, utamu kidogo, liache sokoni. Boga dogo la kienyeji nalo linafaa, ila ganda lake utaliacha kwenye sahani. Ngozi ya batanati ikiokwa inalainika, unakula yote.

Washa oveni sasa hivi, digrii 200, ipate moto tukiwa tunakata.

Tandika kitambaa chenye unyevu chini ya kibao, kibao kisiteleze. Kata ncha zote mbili ili boga lisimame wima. Zamisha kisu katikati na ushuke nacho taratibu, vidole vikae mbali na njia yake. Kisu kikigoma, usishindane nacho. Toboa ngozi kwa uma sehemu kadhaa, liweke boga zima kwenye oveni dakika kumi, litalegea.

Sogezeni macho hapa. Mnaona matone ya rangi ya chungwa yanavyochomoza palipokatwa? Huo ni utomvu. Ukikauka mikononi unakaza ngozi, kwa hiyo nawa kwa sabuni kabla haujaganda.

Kwangua mbegu na nyuzi zake kwa kijiko. Mbegu weka pembeni, tutazihitaji. Paka mafuta na chumvi upande wa ndani, laza vipande kifudifudi kwenye trei, ingiza ndani dakika 40. Kifudifudi, tafadhali: mvuke unabaki chini ya boga na kulilainisha, na kingo zinazogusa trei zinapata rangi ya kahawia. Ukilichana upande huo baadaye utaelewa kwa nini nasisitiza.

Nyama sasa. Kama unajua nyama ya sambusa, umeshamaliza nusu ya kazi. Robo kilo ya nyama ya kusaga iende kwenye sufuria bila mafuta, na tangawizi, kitunguu saumu, chumvi na maji ya ndimu nzima. Koroga ukivunja mabonge mpaka maji yakauke na uanze kusikia nyama inachachatika. Tia kijiko kimoja cha chai cha bizari nyembamba, pilipili manga na mdalasini kidogo sana. Epua. Kitunguu maji kilichokatwa vidogo, pilipili mbichi na kotmiri vinaingia sasa, moto ukiwa umeshatoka, ili vibaki na uhai. Malizia na kikombe cha wali wa kiporo.

Nyanya mimi sitii. Inaleta maji, na boga lina maji yake ya kutosha. Onja: iwe kali na chachu kuliko kawaida yako, kwa sababu utamu wa boga utaipunguza. Asiyekula nyama atumie choroko zilizochemshwa zikachujwa vizuri.

Dakika 40 zimefika. Chomeka kisu kwenye shingo, pale palipo pana zaidi. Kikipita bila kusukumwa, toa. Geuza kwa koleo, uso wako ukae mbali, mvuke wake si wa mchezo.

Batanati ina shimo dogo tu huku chini, shingo yote imejaa. Kwa hiyo chimba mfereji kwa kijiko kutoka juu mpaka chini, ukiacha ukuta wenye unene wa kidole. Ulichochimba ponda kwa uma, changanya na nyama. Jaza, shindilia, kisha ongeza mpaka ifanye kichuguu. Juu nyunyiza chenga za mkate mkavu na vipande vidogo vya siagi. Rudisha ndani dakika 15 hadi 20, uso ukiangalia juu safari hii, mpaka chenga ziwe kahawia.

Huna oveni? Sufuria nzito na jiko la mkaa vinatosha. Pakaza mafuta, laza boga, funika kwa mfuniko wa bati na upalie makaa juu. Chini yawe machache, juu yawe mengi. Ukifanya kinyume chake utakula boga lililoungua chini. Anza kuchungulia baada ya nusu saa, maana mkaa hauna namba za digrii.

Wakati linamalizikia, osha zile mbegu, zikaushe kwa kitambaa, kaanga kwenye kikaango kikavu na chumvi mpaka zianze kuruka. Mwagia juu ya boga. Pembeni kachumbari yenye ndimu nyingi, na kwa kweli wali mwingine hauhitajiki.

Likibaki, weka kwenye friji, na kesho lipashe kwenye kikaango kilichofunikwa, moto mdogo. Maikrowevu italilegeza, na chenga zote za juu zitalowa.